Uzi: Misitu ya kaya za Wamijikenda, na jinsi mtu anavyojenga uhusiano na ardhi anayoishi

Mwanakaya ameandika:

Wakuu, salaam.

Siku hizi naona vijana wengi mtandaoni wanasema wamechoka na mji, wanataka kurudi kwenye maumbile. Wanaamka alfajiri, wanakaa ufukweni, wanalitazama jua likichomoza, wanarudi nyumbani wakisema roho zimetulia. Sina neno baya nao. Ila mimi nimelelewa Kaloleni, pwani ya Kenya, kati ya watu ambao ibada yao na msitu wao havitenganishwi, na ninachokiona kwa wazee wetu kina sura nyingine. Wao hawaanzi na jinsi mtu anavyojisikia akiwa msituni. Wanaanza na miiko: nini usiguse, nini usitoe, wapi usipite. Nimeona nilete uzi huu tuzungumze, maana naamini hapo ndipo penye somo ambalo wengi wanalikosa.

Kwa wasioijua pwani yetu: Wamijikenda tuko tisa, Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe na Wajibana. Simulizi za wazee zasema tulitoka Singwaya, kaskazini, tukashuka kukimbia vita, tukajificha kwenye misitu minene, mingi ikiwa juu ya vilima. Ndani ya msitu ndipo mji ulipojengwa, na mji huo ndio kaya. Uliingia kwa njia nyembamba yenye milango, ukafika kwenye uwanja, na hapo palikuwa na moro, walipokaa wazee kuamua mambo ya watu. Fingo, kinga ya mji iliyobebwa kutoka Singwaya, ilizikwa mahali wanapopajua wachache.

Kaya za mwanzo ni za karne ya 16. Taratibu watu wakatoka kwenda kulima nje, na kufikia miaka ya 1940 hakuna aliyekuwa akiishi ndani. Watu wakahama, makaburi yakabaki. Msitu ukafunika mahali pa nyumba, na tangu hapo unahesabiwa kuwa makao ya koma, yaani wale waliotutangulia. Mvua ikikatika, wazee huingia kaya kumwomba Mulungu. Ugonjwa ukizidi, vivyo hivyo. Kukiwa na ugomvi mkubwa, hivyo hivyo.

Sasa miiko yenyewe. Mti haukatwi. Ng'ombe na mbuzi hawachungwi humo. Huingii na kofia, na ziko kaya ambazo unavua na viatu. Makelele hapana. Anayevunja mwiko hulipa, kuku au mbuzi kulingana na kosa, na hufanyiwa taratibu za kuomba radhi.

Mwiko ulionifunza zaidi ni ule wa kuni. Hata tawi lililokauka likaanguka lenyewe halitoki. Nimeshuhudia mvule mkubwa umeanguka kukatiza njia ya kaya. Kijiji cha jirani kingeupasua mbao wiki ileile. Wazee waliukagua, wakasema maneno yao, kisha wakaagiza njia ipindishwe uuzunguke. Ukipita leo unaona gamba limeachia, mchwa wamejenga ubavuni, uyoga mweupe umepanga safu upande wa kivuli, na kwenye pengo ambalo mti uliacha angani miche ya miti mingine inapigania jua. Huyo mzee aliyesema njia ipindishwe hajasomea misitu. Anajua tu kwamba kile si chake.

Miaka ya 1980 wataalamu wa mimea, Ann Robertson na Quentin Luke, walizunguka kaya hizi kuorodhesha mimea, na yaliyopatikana yaliwashangaza wengi. Mimea adimu ya Kenya, sehemu kubwa iko pwani, na mingi imebaki ndani ya visitu hivi ambavyo vingine havizidi hekta kumi. Pande zote ni minazi, mikorosho na mahindi, halafu katikati kuna msitu mnene wenye miti ambayo kwingine imekwisha. Kuanzia 1992 serikali ikaanza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, na Makumbusho ya Taifa yakaunda kitengo cha kuhifadhi misitu ya pwani. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kumi kwenye Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata mila zenyewe za kaya zikaingizwa kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka.

Hilo la 2009 ndilo linaloninyima usingizi. Msitu unaweza kuwekewa uzio. Mila ikifa, huo uzio utalindwa na nani?

Nitaendelea. Karibuni.

---

Chapakazi ameandika:

Nimeweka kambi hapa. Endelea mkuu.

---

Mdigo wa Msambweni ameandika:

Asante kwa uzi, ndugu yangu. Mimi ni Mdigo na ni Mwislamu, kama walivyo wengi kwetu. Kaya Kinondo iko karibu na nyumbani, babu yangu alikuwa akiingia. Lakini nilipokuwa madrasa ustadhi wetu alitukataza kabisa, akisema ni shirki kuomba kwenye makaburi na miti. Kwa hiyo nimekua nikiupita ule msitu bila kuutazama. Nauliza kwa moyo safi: mtu mwenye dini yake anaweza kuwa na uhusiano na kaya bila kuharibu imani?

---

Mwanakaya ameandika:

Swali zuri, na si lako peke yako. Rabai kwa mfano ndiko mmisionari Mjerumani, Krapf, alikoanzisha misheni mwaka 1846, kwa hiyo Wakristo wa kule wamelibeba swali hili vizazi na vizazi.

Sitakuambia uende ukatoe sadaka ikiwa imani yako haikuruhusu. Hilo ni lako na Mola wako. Ila tazama kwamba kaya ina sehemu mbili. Kuna ibada, na kuna adabu. Ibada ni ya wenyewe. Adabu ni ya kila mtu: kutokata, kutochafua, kutouza kipande, kuwasikiliza wazee wa mahali. Sijaona dini iliyokataza hayo. Mtume mwenyewe aliifanya Madina kuwa haram, miti yake isikatwe na wanyama wake wasiwindwe. Ukimweleza ustadhi kwamba pale Kinondo pana hekta kama thelathini zisizokatwa mti, sidhani hapo atakuwa na ugomvi.

Babu yako aliingia kaya na sina shaka aliswali pia. Muulize baba au shangazi jinsi alivyoyaweka pamoja. Majibu ya namna hiyo hukaa ndani ya familia.

---

Mpemba wa Wete ameandika:

Hapo kwenye dini naomba niongeze. Sisi Pemba tuna kisiwa cha Misali, upande wa magharibi. Wavuvi wana kisa chake. Wanasema Nabii Khidhri alifika pale, wakati wa sala ukaingia, akawaomba wavuvi msala. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe ndicho msala wangu, kwa vile kimeelekea Kibla. Tangu hapo wazee wanakihesabu kisiwa kuwa ni mahali pa kuheshimiwa. Kuna pango ambalo watu huenda na nia zao, na kuna fukwe ambazo kasa wanatagia mayai.

Mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Wahifadhi walipoona sheria ya serikali pekee haiwafikii wavuvi, waliwaendea maimamu. Ikazungumzwa misikitini kwamba kuvua kwa baruti na kuvunja matumbawe ni kuharibu amana ambayo Mungu amemkabidhi binadamu. Watu waliokuwa hawasikii la afisa wa uvuvi, hilo walilisikia. Kwa hiyo mimi sioni kama dini na bahari vinagombana, inategemea nani anasema na anasemaje.

---

Mwanakaya ameandika:

Ahsante sana, Mpemba. Kisa hicho nitawapelekea wazee wa huku.

---

Mama Ganze ameandika:

Mwanakaya, umeandika vizuri ila kuna jambo umeliruka. Mimi naishi Ganze, Kilifi. Huku wazee wanauawa. Mtu akiota mvi anaambiwa mchawi, usiku wanamjia na mapanga. Kuna wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi kwa hofu. Halafu tukisikia watu wanasifia mizimu na koma, sisi wengine tunaogopa. Hizi imani si ndizo zinazoleta haya?

---

Mwanakaya ameandika:

Mama, umenena kweli na nashukuru umelileta, maana haifai kuzungumza habari za kaya Kilifi tukalikwepa hili.

Nakujibu ninavyoamini. Wengi wa wanaouawa, ukichimba, unakuta shamba. Mzee ana ekari, vijana wanataka wauze, mzee amekataa. Neno uchawi ni rahisi kulisema, na likishasemwa hakuna anayeuliza habari ya hati. Wazee wa kaya wenyewe wamo katika wanaowindwa, kwa sababu wao ndio wanaosema ardhi fulani haiuzwi. Katika mila ya kaya tuhuma ya uchawi ililetwa mbele ya baraza, na ulikuwepo utaratibu wa viapo. Haikuamuliwa na vijana wenye panga usiku. Sisemi viapo vile vilikuwa sawa, vipo ambavyo mimi sitaki virudi. Ila lile baraza lilipovunjika, nafasi yake haikuchukuliwa na mahakama. Ilichukuliwa na umati.

Na wewe uko Ganze, kwa hiyo unapajua Kaya Godhoma. Pale ndipo walipopewa hifadhi wazee waliokimbia nyumba zao wakitishiwa kuuawa. Walipowakimbia watoto wao, walipokelewa kaya.

Ndiyo maana nasema uhusiano na ardhi hauwezi kuwa kati yako na miti tu. Kama msitu unauenzi na mzee anayejua habari zake unamwacha auawe, hakuna ulichokienzi.

---

Mama Ganze ameandika:

Hapo kwenye ardhi umegusa penyewe. Mjomba wangu ilikuwa hivyo hivyo, kesi ya shamba. Nashukuru kwa kujibu bila kunikaripia.

---

Mwanakaya ameandika:

SEHEMU YA PILI

Pole sana mama kwa mjomba.

Naendelea. Watu huniuliza kwa nini Mgiriama anaona kaya kama nafsi yake. Someni habari za 1913. Wakoloni walitaka kodi ya nyumba, walitaka vijana wakafanye kazi mashambani kwao. Mekatilili wa Menza, mwanamke mjane, alizunguka akicheza kifudu, ngoma ya mazishi, watu wakamfuata, akawahutubia. Kisha watu wakakusanyika Kaya Fungo, wakala kiapo: wanaume chao, wanawake chao kiitwacho mukushekushe, kwamba hakuna atakayewatumikia Waingereza. Yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Wakatoroka wakarudi.

Mwaka 1914 serikali ya kikoloni iliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Waliona wapi ilipo nguvu ya watu hawa, wakaenda kuipiga pale. Wazee waliirudia ile kaya baadaye, na hadi leo inaingiwa.

Pigo jingine lilikuja kimyakimya. Vigango ni nguzo za mti mgumu, zimechongwa na kutiwa nakshi za pembetatu, zinazosimikwa kwa ajili ya marehemu waliokuwa wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima. Kigango hakitakiwi kung'olewa. Familia ikihama, kinaachwa papo hapo kioze, na kuoza kwake ni sehemu ya shughuli. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa wingi, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara wa sanaa, vikaishia kwenye makumbusho na sebule za matajiri Marekani. Viwili vilirudishwa 2007, na baadaye makumbusho moja ya Denver yakarudisha 30. Vingi bado viko huko, vimewekewa taa, vimepakwa dawa visiliwe na wadudu.

Kwa macho ya mkusanyaji, hiyo dawa ni heshima. Kwa familia ya marehemu, ni kumzuia asiende zake. Nimewahi kukaa na mzee mmoja kwenye uwanja wake ambapo matundu ya vigango yaliyong'olewa bado yanaonekana ardhini. Akayaonyesha kwa fimbo, moja moja, akitaja la nani.

---

Bi Tabata ameandika:

Mwanakaya, shikamoo kama wewe ni mkubwa kwangu. Nasoma nikiwa Dar. Sina kaya, sina msitu, nimepanga chumba na sebule Tabata, wazazi wangu wametoka Singida. Haya unayosema nayapenda lakini nayaona ni ya watu wenye kwao. Mtu kama mimi naanzia wapi? Nisije nikaonekana naiga mila za watu.

---

Mwanakaya ameandika:

Marahaba dada. Swali hili ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kuiga usiige. Usijitengenezee moro uani. Ila kile kilicho chini ya mila, kila mtu anaweza kukijenga alipo.

Uko Tabata, basi uko katika bonde la Msimbazi. Ule mto unaanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita mitaa yenu, unaingia baharini pale kwenye daraja la Selander penye mikoko. Maji ya mvua yanayoteremka kwenye bati lako yanaelekea huko. Kabla ya mambo ya roho, fahamu hilo kwa miguu. Siku ya mapumziko fuata mtaro wa mtaani kwenu uone unamwaga wapi. Siku nyingine nenda Pugu uone maji yanakotoka, msitu wa Pugu na Kazimzumbwi bado upo, ingawa umeliwa sana na mkaa. Siku nyingine simama Selander maji yakiwa yamekupwa, uone mikoko imeshika nini kwenye mizizi yake. Utakuta ni mifuko na chupa za Tabata. Nakuambia dada, ukishaona hivyo, mto huo hautakuwa tena jina la daladala kukwama wakati wa mafuriko.

Halafu jifunze majina. Mwarobaini mnao, mkungu upo, mwembe upo. Ile mingine uliza. Uliza kwa Kiswahili na uliza kwa wenyeji, maana Dar ina wenyewe, Wazaramo, na bibi wa Kizaramo anayeuza mboga sokoni huenda anajua mmea unaouona magugu unatibu nini. Jua kaskazi inaanza lini kuvuma na kusi inaingia lini. Msikilize ndege dudumizi. Huku kwetu akilia kwa mfululizo watu wanaanika mbegu na kunoa majembe, kwa sababu mvua haiko mbali.

Mwisho, na hapa ndipo wengi wanapoachia, jiwekee mwiko. Mmoja tu, lakini usivunjwe. Labda hakuna taka itakayotoka nyumbani kwako ikaingia mtaroni, hata usiku, hata mvua ikinyesha na majirani wote wanamwaga. Utakugharimu. Utalipa mzoa taka pesa ambayo mwenzako halipi. Kaya imesimama miaka mia kadhaa kwa sababu kuna vitu watu walivihitaji, kuni zikiwa pale pale, na hawakuvichukua. Kile kitendo cha kuacha, kikirudiwa, kinamfanya mtu kuwa wa mahali.

Na Singida usiisahau. Wanyaturu na Wanyiramba wana mahali pao pa heshima. Ukipiga simu nyumbani, uliza.

---

Bi Tabata ameandika:

Mungu akubariki. Sikujua kabisa kwamba Msimbazi unatoka Pugu. Nimempigia baba hapa hapa. Anasema kuna kilima karibu na kijiji chao ambacho hakukatwa mti alipokuwa mtoto, na walikuwa wakikatazwa hata kukinyooshea kidole. Nimeishi miaka yote hii hajawahi kunitajia. Ananiambia, hukuuliza.

---

Mgweno ameandika:

Huku Upare Kaskazini mambo ni hayo hayo. Ugweno tuna visitu vidogo vya koo na vya jando, vingine ni saizi ya uwanja wa mpira, na chemchemi nyingi zinazonywesha mifereji zimo humo. Tatizo letu ni kwamba vijana wa ukoo wako Moshi na Dar, wazee waliobaki ni wachache, na mtu akija na msumeno hakuna wa kumzuia. Kijiji kina sheria ndogo lakini faini yake haimtishi mtu. Zamani alikuwa akiogopa ukoo mzima. Mwanakaya, nyinyi mmewarudishaje vijana?

---

Mwanakaya ameandika:

Kusema kweli hatujawarudisha wote. Kuna kaya ambazo mchimba mchanga na mkata mawe wamefika ukingoni kabisa. Jaribuni, karibu na Kaya Kauma, wazee wamepigana na machimbo kwa miaka.

Ila nimeona vitu viwili vinafanya kazi. Kwanza, pale ambapo msitu umewapa vijana kazi ya kueleweka. Kinondo waliamua kupokea wageni kwa masharti ya wazee. Vijana wa kijiji ndio wanaowaongoza, wanaeleza miti na dawa zake, na kiingilio kinasaidia mambo ya kijiji. Kijana anayepata riziki kwa kujua majina ya miti mia, huyo humwambii akate. Pili, wazee kukubali kusema. Wengi walificha sana kwa kuogopa wezi wa vigango, na wana haki, lakini walificha hata kwa wajukuu. Mgweno, ikiwa una likizo, nenda na daftari. Mpigie mzee magoti akupe mipaka ya msitu, huu mti mpaka ule mwamba. Wenzako wa Moshi wanaweza kuchanga, kijiji kikapime na kuusajili kwa jina la ukoo. Siri za ndani waachie wenyewe. Mipaka ndiyo inayohitajika haraka.

---

Chapakazi ameandika:

Mkuu mimi ni mtu wa Nakuru, mwezi wa kumi na mbili nashuka pwani na familia. Nataka niwapeleke watoto. Kaya gani tunaweza kuingia na tujiandae vipi?

---

Mwanakaya ameandika:

Nendeni Kinondo, Kwale, ukishapita Diani. Pale wamezoea wageni. Mtafungwa kaniki nyeusi kiunoni, kofia mtazivua, na kushikana kwa mapenzi au kubusiana humo ni marufuku, kwa hiyo waelezeni watoto wakubwa mapema wasicheke. Mtakuta mbega juu ya miti, msiwarushie chakula. Jani, jiwe, ganda la konokono, kila mlichokikuta kinabaki. Nendeni asubuhi, kabla jua halijapanda, na mpeni muda kijana anayewaongoza. Watu wengi wanamharakisha ili wawahi kuogelea, na yeye akiharakishwa hasemi ya maana.

Kaya nyingine msiingie wenyewe hata kama mtaona njia iko wazi. Ulizeni kijijini nani mzee wa kaya, mfikieni kwake, mweleze mnakotoka. Akisema leo haiwezekani, huenda kuna shughuli ndani. Mshukuruni mrudi.